Bakuli la Dirishani

Kilichonitoa Unguja ni insha ya kurasa sita, paka saba waliomo ndani yake, na shangazi mmoja aliyeikasirikia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na babu yangu mzaa baba alikuwa Mchina. Alikuja Unguja kijana, kununua majongoo ya baharini, akasilimu, akaitwa Ali, akamwoa bibi yangu wa Malindi na hakuondoka tena. Sisi wajukuu tumerithi macho yake pamoja na jina la utani. Shuleni niliitwa Mchina hata na walimu, na nilipokuwa mwalimu mwenyewe wanafunzi wakaendelea palepale. Kwa hiyo rafiki yangu wa Dar es Salaam alipoanza kukusanya insha za watu wa namna yetu, wenye asili ya Kichina na maisha ya Kiswahili, ili azitoe katika kitabu, niliona zamu yangu imefika. Niliandika kuhusu babu. Sentensi ya kwanza niliipenda mno, hata nikawa naisoma kwa sauti peke yangu: "Babu yangu aliwapenda paka kuliko watu."

Nilieleza jinsi alivyokuwa, kila mwezi unapoandama na kila unapojaa, akichota wali wa kwanza chunguni na kuuweka dirishani kwa ajili ya paka wake, sisi watoto tukimeza mate. Kila aliyesoma alicheka. Nikampelekea nakala Shangazi Rukia, mtoto pekee wa babu aliye hai, aliyeolewa Dubai zamani na kubaki huko. Alinipigia simu siku ileile aliyoipata.

"Umeandika uongo," alisema. "Na ukiuchapisha, usinihisabu shangazi yako."

Akakata. Nilihamaki, nakiri. Lakini mama yangu alipougua, Shangazi, kabla hajaolewa, ndiye aliyenilea, na sikuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya kurasa sita. Rafiki yangu alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Likizo ya shule ilipoanza nikakata tiketi.

Uwanja wa ndege wa Dubai nilifika asubuhi, na begi langu likinuka papa mkavu. Afisa wa uhamiaji aliitazama pasi yangu, akanitazama mimi, akairudia pasi. "Sini?" aliuliza, yaani Mchina. "Zinjibar," nikamjibu. Akatikisa kichwa na kugonga muhuri, na nadhani mpaka leo hajaniamini.

Al Baraha, anakokaa Shangazi, ni mtaa wa majengo ya zamani yenye maduka madogo chini na nguo zinazoanikwa juu. Mwaka ule walikuwa wakichimba njia ya treni, kwa hiyo teksi ilizunguka sana kabla ya kunishusha. Shangazi alinifungulia mlango amevaa kanga, amekonda kidogo, macho yale yale ya babu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ushafika, mwandishi."

Siku mbili nzima hakuniita kwa jina langu. Mwandishi sogea. Mwandishi chukua samaki. Nilipogusia insha aliniambia nile kwanza, na nilipomaliza kula akaniongezea. Jioni ya pili uvumilivu ukanishinda.

"Paka hawakuwapo?" nikamwuliza.

"Walikuwapo."

"Bakuli halikuwapo?"

"Lilikuwapo."

"Basi uongo uko wapi, Shangazi?"

"Kesho tutakwenda soko la Wachina. Sahani zangu zimevunjika." Hilo ndilo jibu nililolipata.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, tulipanda teksi. Tulipita Ras Al Khor, kwenye maghala na magari mabovu yaliyopangwa kusubiri kung'olewa vipuri, kisha mji ukapungua na mchanga ukaongezeka, mpaka tukafika kwenye jengo refu ajabu, maduka matupu ya Wachina kutoka mwanzo hadi mwisho. Mlangoni mlinzi alitusalimu kwa Kiingereza. Shangazi akanigeukia na kusema, "Shika mkoba huu, mabega yaniuma." Mlinzi akaruka.

"Aki wacha! Wachina mnaongea Kiswahili?"

"Sisi watu wa Unguja, baba," Shangazi akamjibu.

"Na mnaongea kunishinda, na mimi ni wa Nakuru! Karibuni, aki mmenimaliza leo."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho, na mimi nikafurahi kuliko nilivyotarajia. Tangu nitue, mlinzi yule ndiye mtu wa kwanza aliyetujua kwa ulimi badala ya sura.

Duka la vyombo lilikuwa la mama mmoja wa Kichina ambaye Shangazi hununua kwake siku zote. Aliniamkia kwa Kichina, kwa maneno mengi na uso wa furaha. Nikasimama kama gogo. "Huyu naye hajui," Shangazi alimwambia kwa Kiarabu, na yule mama akanipigapiga begani kwa kunihurumia. Ndipo nilipoona, kwenye rafu nyuma yake, picha ya bibi mmoja mzee. Mbele ya picha palikuwa na bakuli la wali unaofuka mvuke, na vijiti viwili vya kulia vimelazwa juu yake.

Nililijua bakuli lile. Namna lilivyojazwa, namna vijiti vilivyolazwa. Na mimi, kwa akili zangu za kusomea, nikauliza, "Huyu naye ana paka?"

Shangazi aliweka sahani chini. Alinishika mkono akanipeleka kwenye benchi nje ya duka.

"Siku baba alipoondoka kwao palikuwa na njaa," alisema. "Mama yake alipika wali uliobaki, ukatosha bakuli moja, akampa yeye. Alikula, akaondoka, mama hajala. Hakumwona tena. Lile bakuli la dirishani lilikuwa la mama yake. Akingoja mvuke uishe, ndipo awape paka."

Nilikuwa nimeukumbuka wali na paka, lakini kule kungoja sikukukumbuka hata chembe.

"Mbona hakutuambia?"

"Angemwambia nani? Mtu aliyesilimu, anaweka chakula cha wafu dirishani? Baba alisali sala zake tano mpaka siku ya mwisho, wala hakumwomba mama yake kitu. Alitaka mama naye ale, basi. Lakini majirani walikwishaanza kuuliza bakuli la nani. Bibi yako akawajibu, la paka." Akanitazama. "Na sisi hatukuwa na paka hata mmoja. Kesho yake alikwenda soko la samaki, akarudi na wawili kikapuni."

"Bibi?"

"Wamkumbuka akipiga chafya?"

Nilimkumbuka. Katika insha niliandika kwamba alikuwa na mafua yasiyoisha.

"Hakuwa na mafua. Manyoya ya paka yakimbana kifua. Aliishi nao maisha yake yote, kwa ajili ya bakuli la mumewe. Baba alipowaona kikapuni alilia. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia. Nawe umemfanya kichekesho."

Niliona aibu, tena aibu ya kweli, ya kutotaka kuinua uso. Nilimwambia naifuta insha yote. Kuandika kweli kungewapa watu nafasi ya kusema Uislamu wa babu ulikuwa wa midomoni, na hilo nisingeweza kumfanyia. Shangazi alirudi dukani akanunua sahani sita na bakuli moja.

Siku ya kuondoka, baada ya chai, alinipa lile bakuli limefungwa kwenye kanga kuukuu.

"Nimefikiri," alisema. "Nikifa mimi, watabaki paka wa insha yako peke yao. Andika. Andika kwamba alisali, na andika alichokifanya bibi yako. Mwenye kusema na aseme."

"Una hakika, Shangazi?"

"Khalas, Saidi. Utachelewa ndege." Ndipo niliposikia jina langu.

Nyumbani nilifika siku nne kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipoondoka nilidhani kuandika juu ya asili yangu ni kusaka mambo ya Uchina, kama vitu vilivyopotea sandukuni. Kumbe Uchina wa nyumba yetu ulilindwa na mwanamke wa Malindi ambaye hakupata kuuona, akilipia kwa pumzi zake. Nilizichana kurasa sita, nikaliweka bakuli mezani, nikaandika upya. Kabla ya kuipeleka Dar es Salaam nilimpigia simu Shangazi nikamsomea sentensi ya kwanza: "Bibi yangu hakuwapenda paka hata kidogo."

Nilisikia akivuta kiti, akaketi.

"Endelea," akasema.