Sista Kawira na Darubini ya Mfukoni

Nimeendesha gari la kliniki miaka mingi, na naweza kuapa kwamba hakuna kinachomaliza breki upesi kama ndege. Nasema ndege hawa wa porini, wenye manyoya ya rangi. Nitakuwa nimeshika mwendo mzuri barabara ya Kulamawe, vumbi liko nyuma, chanjo zimekaa salama kwenye barafu, mara mkono unanigusa bega. "Ekai, simama kidogo." Nasimama. Kumbe ni keremkerem mmoja tu, amekaa juu ya mgunga. Sista Kawira anamwangalia mpaka injini inanung'unika kwa niaba yangu.

Alikuja Isiolo mwaka wa sabini na nne, akitoka Meru, zile sehemu za chini kunakolimwa mtama. Utotoni kazi yake ilikuwa kusimama shambani na kombeo, kufukuza ndege kutwa nzima. Alisema aliwachukia, kwa sababu walikula chakula chao na yeye ndiye aliyechapwa. Alipoletwa kwetu kuwa muuguzi, akitembelea wafugaji kila mwezi, aligundua kwamba nchi hii haina mtama. "Huku sina kesi na ndege," aliniambia. Ndipo akaanza kuwaona vizuri, na alipoanza hakuacha.

Alinunua darubini kwa Kulmiye, Msomali mwenye duka la saa na redio karibu na msikiti. Kulmiye alikuwa na mbili. Moja ilikuwa kubwa, nzito kama jeki ya lori. Nyingine ilikuwa ndogo, inakunjwa katikati, na ikikunjwa inalala kwenye kiganja.

"Dada, chukua kubwa," Kulmiye alimshauri. "Hii inaona mpaka Wajir."

"Wajir sina shida nayo," sista akajibu.

Akazitoa zote mbili nje, akamwangalia kunguru juu ya paa la msikiti, kwanza kwa hii, halafu kwa ile. Jioni akarudi tena, jua likizama, kwa sababu alitaka kujua ipi inaona mwanga ukiwa haba. Nilidhani Kulmiye atamfukuza. Sista mwenyewe alikiri kwamba kubwa ilishinda: picha yake ilikuwa pana na yenye nuru, na ile ndogo ilitetemeka kama hukuegemeza viwiko mahali. Lakini akachukua ndogo. Alisema kubwa angeibeba juma moja, kisha ingemchosha shingo aiache nyumbani, na darubini iliyo nyumbani haimwonyeshi mtu chochote. Hii ingeingia mfuko wa sare yake, pamoja na kipimajoto. Tena polisi kwenye kizuizi wasingemuuliza maswali.

Alinifundisha kuitumia, nisitake nitake. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione safi. Kisha funga la kushoto, uzungushe pete ndogo iliyo upande wa kulia, maana macho ya mtu hayalingani. Vumbi likiingia, puliza kwanza kabla ya kupangusa, la sivyo mchanga wa Isiolo utakwaruza kioo. Nilimcheka. Siku moja pale Oldonyiro nikaiweka machoni ili aninyamazie, nikaona kope za hondohondo. Sikuwa najua kwamba ndege huyo ana kope. Nilimrudishia darubini, na sikumcheka tena.

Shida yake ilikuwa moja, aibu. Aliona si heshima muuguzi, mtu mzima, aonekane anacheza na ndege. Kwa hiyo alipanda miamba alfajiri, na mtu akitokea tu, darubini ilirudi mfukoni haraka. Mimi sikuona ubaya wowote hapo.

Mwaka wa themanini, wakati wa kiangazi, kulikuwa na msichana pale Kulamawe anaitwa Batula, mke wa kijana mmoja mfugaji, Roba. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imemtesa nyumbani, na mtoto akazaliwa amekufa. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na sista alipompima tumbo alikuta mtoto amelala kikingama. Mtoto wa namna hiyo hawezi kutoka bila daktari. Sista alizungumza na Kabale, mama mkwe wa Batula, wakakubaliana: kliniki ijayo, kabla uchungu haujaanza, Batula ataondoka na gari letu akangojee Isiolo karibu na hospitali. Mwezi mzima sista hakuwa na habari nyingine. Usingizini sijui, lakini garini alikuwa akimtaja Batula kila kilima.

Siku ikafika. Tulisimamisha gari mahali petu, karibu na duka la Ado, tukatandika meza. Hakuja mtu. Hata mbuzi walionekana kutukwepa. Mwishowe Ado alitoka dukani, akasimama mbali kidogo.

"Sista, leo hakuna mtu atakuja," alisema. "Wezi walichukua ngamia ya watu wiki ilioisha. Na wewe kila ukikuja unapanda pale juu asubuhi, unaweka kitu kidogo kwa macho. Mtu akitokea, unaficha. Kama ni kitu ya haki, unaficha ya nini? Wamama wanasema hiyo kitu inaona mpaka ndani ya nyumba."

Nilielewa palepale, na nadhani sista alielewa kabla yangu. Watu wa huku walikuwa na kumbukumbu zao. Tangu miaka ile ya sitini, ya vita vya askari na waasi, mtu anayesimama mahali pa juu akitazama maboma ni askari au ni jicho la wezi. Angekuwa na ile darubini kubwa, kila mtu angeitambua kwa mbali, angekuja kumuuliza anatafuta nini, na neno lingeisha hapo. Lakini kitu kidogo kisichojulikana, kinachoingia mfukoni ukikaribia, mtu atakiwazia nini?

Mimi nilikasirika. Nilimwambia tukunje meza turudi Isiolo, hawa watu wasio na shukrani tuwaache na surua yao.

"Na Batula?" aliniuliza.

Akaitoa darubini mfukoni, akaivaa shingoni juu ya sare mahali pa wazi, akaanza kutembea kuelekea kwa Kabale. Nilimfuata nikisonya.

Kabale alikuwa mama mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno. Sista alimpa salaam aleikum, akaitikia kwa sauti ndogo. Batula alitoka ndani ya nyumba ya mikeka, akatusalimia uso ukiwa umetulia kabisa, macho chini, akarudi ndani. Kigoda hatukupewa, na chai haikutajwa. Katika boma la Waborana, hiyo peke yake ni hukumu.

"Mama, tulikubaliana leo Batula aende na mimi," sista alisema. "Mtoto amekingama. Uchungu ukimpata hapa, tutawapoteza wote wawili."

"Mtu anatuchungulia, hawezi kubeba mtoto wangu," Kabale akajibu. "Roba ameenda kufuata nyayo ya ngamia. Akirudi, nimwambie nilipatia bibi yake nani?"

"Sichungulii watu, mama. Naangalia ndege."

Kabale alicheka kicheko kifupi. "Mtu mzima anaacha usingizi juu ya ndege. Sista, tafuta uongo ingine."

Kusema kweli, hapo nilikuwa upande wa Kabale. Hata mimi niliyezungushwa na ndege hao miaka yote, nikiisikia sababu hiyo mbele za watu ilinuka uongo.

Sista aliivua darubini shingoni, akamwekea Kabale mkononi. "Shika wewe. Twende juu pamoja. Angalia pale ninaangalia, halafu angalia nyumba yako. Ukiona ndani, sitakanyaga hapa tena."

Kabale alikigeuza-geuza kile kitu mkononi. Kisha akaita majirani wawili wawe mashahidi, tukapanda mwamba, polepole kwa sababu ya magoti yake. Juu pale aliiweka machoni kinyume.

"Imefukuza kila kitu mbali," alisema, na majirani wakacheka kwa mara ya kwanza.

Sista akaigeuza, akaikunja kidogo katikati ilingane na uso wake mwembamba, akamketisha viwiko vikiwa juu ya magoti. Jicho moja la Kabale lilikuwa na ukungu, kwa hiyo walihangaika na ile pete mpaka Kabale akaona safi. Chini yetu, kwenye maji yaliyobaki ya lambo, firigogo, wale ndege wa nchi kavu, walikuwa wametua kunywa.

"Huyo dume analowesha manyoya ya tumbo," sista alimwambia. "Anapelekea watoto maji."

"Najua. Nilichunga mbuzi hapa kabla uzaliwe." Kisha akaongeza, "Lakini sijaona ile maji ikidondoka. Leo naona."

Halafu akaigeuza polepole kuelekea nyumbani kwake. Sista alikuwa ameshika pindo la sare yake kwa mikono miwili.

"Naona mlango," Kabale alisema. "Ndani ni giza tu. Haioni ndani."

Majirani walipumua. Nami nilipumua, nikaanza kufikiria chai. Lakini Kabale hakuishusha darubini.

"Batula ametoka," alisema. "Anaangalia huku na huku kama kuna mtu." Akaikaza darubini machoni. "Amekamata mti ya mlango. Ameinama. Ameuma shuka yake."

Kwao mwanamke hupita uchungu bila kelele, na mke wa kijana haendi kumwambia mama mkwe kwamba tumbo limemshika. Tena Batula alikuwa amesikia yote yaliyosemwa kuhusu sista. Alikuwa na hofu ya kubaki na hofu ya kwenda, akachagua kunyamaza. Tulipokuwa tumesimama mbele yake, akitusalimia kwa ule uso uliotulia, uchungu ulikuwa umekwisha kuanza.

Kabale alishusha darubini. "Imeanza lini, na mimi niko hapo ndani na yeye?" aliuliza. Akanigeukia. "Wewe Mturkana, lete gari."

Nilishuka mwamba ule kama mbuzi. Tulimlaza Batula upande wa kushoto, kichwa kwenye mapaja ya Kabale, sista amepiga magoti pembeni akimshika tumbo. Niliendesha siku ile kama ambavyo sijaendesha tena. Mahali fulani kundi la kanga lilikatiza barabara, wale wa shingo za buluu ambao sista angenisimamisha saa nzima kwa ajili yao, na yeye hakuinua kichwa. Kabale aliomba Mungu njia nzima, kwa Kiborana na kwa Kiarabu. Batula hakulia hata mara moja.

Daktari alimpasua alasiri hiyohiyo. Mtoto alikuwa msichana, alilia mwenyewe, na mama yake akapona. Kabale alipotoka kutuambia, mimi nilienda nyuma ya gari nikalia, na sioni haya kusema hivyo.

Mwezi uliofuata tulirudi Kulamawe. Tulifika mapema, kabla ya meza. Sista alikuwa na darubini shingoni, lakini alikaa garini akiutazama ule mwamba, hana hakika kama ana ruhusa. Mimi ndiye niliyemwambia apande, na nikapanda naye.

Alianza na firigogo kwenye maji. Kisha akaipitisha darubini upande wa nyumba, akasimama hapohapo. Akanipa mimi niangalie. Nilizungusha gurudumu, nikaona mwanamke mwenye mimba amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wake, ameuelekea mwamba. Nikaenda nyumba ya pili, kulikuwa na mwingine. Mbele zaidi mwingine tena, na ubavuni mwake Kabale amesimama na fimbo, anamsogezea kigoda kitoke kwenye kivuli.

Ado alitueleza baadaye kwamba Kabale alikuwa amepita nyumba kwa nyumba tangu jana yake. "Siku ya sista, mwenye mimba asikae ndani," aliwaambia. "Akae nje, mahali anaonekana."

Nilimrudishia sista darubini. Aliiweka machoni, akaishusha, akapangusa vioo, akaiweka tena. Vioo havikuwa na vumbi, ni yeye aliyekuwa analia.