Tabaka la Juu la Mzee Kalisa

Nakumbuka asubuhi moja ya jua kali, mwanangu, hapa hapa Gisenyi, niliposimama mbele ya wageni na mbele ya mzee aliyenifundisha kazi nikasema, "Jaribio halianzi." Mpaka leo wapo wanaosema nilikosa adabu. Waache waseme. Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, na mimi nimelala vizuri miaka yote hii.

Kaa nikueleze, kwa sababu sasa mratibu ni wewe, na wiki ijayo mnakiwasha kigunduzi chenu kipya kwa majaribio. Zamani zile mratibu nilikuwa mimi. Ni cheo chenye jina kubwa, lakini kazi yenyewe ni kusumbua watu. Asubuhi unapiga simu Goma kuuliza kama wenzetu wamevuka mpaka, mchana unaitafuta waya iliyopotea njiani kutoka Kigali, jioni unawabembeleza wa Dar es Salaam wanaolalamika kwamba baridi ya ziwa itawaua. Mimi nilikulia Karagwe, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, ndiyo maana Kiswahili changu mnakicheka kuwa ni cha redioni. Basi kila kundi lilinitupia mimi ugomvi wake niutafsiri.

Kigunduzi chetu kilikuwa cha kuhesabu chembe zinazoshuka kutoka angani. Unazijua, lakini acha niseme kwa ajili ya hawa wadogo zako wanaosikiliza. Chembe hizo zinapenya paa, zinapenya mwili wako hapo ulipokaa, nyingine zinapenya hata mlima. Penye mwamba mzito zinapita chache, penye uwazi zinapita nyingi. Ukizihesabu kwa subira unapata picha ya tumbo la mlima. Tulitaka siku moja tulione tumbo la Nyiragongo, ule mlima wa moto wa upande wa Goma, na mtu wa huku hahitaji kuelezwa kwa nini. Lakini kwanza ilitubidi tujipime kwa mlima mpole, huu Rubavu unaotutazama hapa mjini.

Chombo chenyewe kilikuwa mapande ya plastiki maalumu, yamepangwa matabaka. Chembe ikipita, plastiki inatoa mwanga mdogo sana, na kifaa cha umeme kinauona. Sasa mwanga wa jua ukiingia hata kwa tundu la sindano, kifaa kinapagawa, kinahesabu vitu visivyokuwepo. Kwa hiyo kila pande lilifungwa kwa karatasi nyeusi na tepu nyeusi, mkunjo juu ya mkunjo. Na tulikuwa na desturi: aliyefunga hakagui. Watu wa Goma walikagua ya Kigali, wa Kigali walikagua ya Dar, wakipitisha tochi kwenye kila mshono huku mwingine akitazama hesabu kwenye kompyuta. Hesabu ikiruka, kuna tobo. Nyani haoni kundule, mwanangu, na mwanafizikia haoni tobo la tepu yake mwenyewe.

Vile vifaa vya umeme vilikuwa vya kuazimwa, vya washirika wetu wa ng'ambo. Tulikubaliana hivi: jaribio likienda sawa, kigunduzi kinabaki Gisenyi na sisi ndio tunakiendesha. Likiharibika, kila kitu kinaingia masanduku na kwenda kwao, nasi tutakuwa watu wa kutumiwa picha za milima yetu wenyewe. Nilikuwa nikiliwaza hilo linanichoma moyo. Masanduku walikuja nayo kabisa, matupu, wakayapanga uani bila haya.

Kiongozi wetu sote alikuwa Mzee Kalisa, profesa aliyerudi kutoka Kongo akiwa na mvi tayari. Mimi alinitoa kwenye kufundisha sekondari, akanisomesha karibu kwa nguvu. Nilimpenda kama baba. Tabaka la juu alilifunga kwa mikono yake mwenyewe, na sote tulisimama kumtazama kwa heshima, mtu mzima aliyepiga magoti sakafuni na tepu mdomoni.

Siku ya jaribio tulikuwa kwenye chumba chetu mtaa wa Mbugangari, nyuma ya karakana ya magari. Mkuu wa wageni alikuwa ameketi na kalamu yake. Jua lilipopanda likaingia dirishani na kugusa kigunduzi, nikaona hesabu ya tabaka la juu inapanda. Nikasogeza pazia, ikashuka. Nikalifungua, ikapanda tena.

Nikamvuta pembeni Espérance, dada wa Goma aliyekuwa akisimamia ukaguzi. "Tabaka la juu alikagua nani?"

Akatazama viatu vyake. "Ile? Ile iko ya muzee, madame."

"Najua ni la mzee. Nani alilipitishia tochi?"

"Yewe! Mutu gani atamulikia muzee tochi? Unapita tu, unasema iko bien, iko muzuri."

Basi kila kundi lilikuwa limepita. Nami niliwauliza wote kama wamemaliza, wakaitikia ndiyo, nikafurahi. Hakuna aliyeniongopea kwa ubaya. Walimheshimu tu.

Nilimwendea mzee nikamwambia kwa sauti ya chini. Uso ukamkunjamana. "Bon. Kama iko makosa utaniambia kesho, tukiwa peke yetu," akasema. "Hapa mbele ya wageni, hapana. Funga pazia, uanze."

Sikiliza, mwanangu. Kwetu mkubwa hakosolewi hadharani, na mimi nililelewa hivyo. Niliogopa. Lakini pazia si dawa. Nje ya chumba kile kigunduzi kingekaa uwandani mchana kutwa, na jua la Rubavu halina pazia. Tungewaletea wageni picha ya uongo, wangeigundua, nao wangekuwa na haki ya kutucheka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe tungejengewa na watu wengine, katika nchi nyingine.

Ndipo nikasema kwa sauti kwamba jaribio halianzi, tabaka la juu linavuja.

Mzee Kalisa akaniangalia. "Mutoto, unanipima mimi?"

"Ndiyo, Mzee. Nakupima."

Akachukua kofia yake akatoka nje. Mkuu wa wageni akafunga kalamu, akasema kwa upole wa kuudhi kwamba amesikitika sana, na kwamba pengine ni vema kuanza kupakia. Hapo woga ukaniisha, hasira ikachukua nafasi yake. Nilimwambia hivi: vifaa vya umeme ni vyenu, vifungueni muende navyo. Plastiki ni yetu, mlima ni wetu, na kazi itaendelea hata kama itabidi tuanze tena kwa waya za redio. Sisi si wa kwanza kupata tobo, ila leo tumelisema wenyewe kabla hamjaliona, na kwa hilo hatuombi msamaha. Kisha nikamwambia kwetu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye alikuwa amekula samaki wetu zaidi ya hapo. Nikamkabidhi gombo la tepu nyeusi.

Espérance alifunika uso kwa mikono. Yule bwana aliigeuza tepu, akaitazama, akavua koti. Kwa nini alibaki sikujua kamwe. Labda aliona aibu, labda alitaka ashuhudie kwa karibu tunavyoshindwa.

Tulizima umeme, tukalishusha tabaka. Kwenye pembe moja mkunjo ulikuwa umeinuka, kitu kidogo kama ukucha. Nilipokuwa nataka kuubandua, mkono ukanizuia. Mzee Kalisa alikuwa amerudi, kofia kichwani. Alipiga magoti, akabandua karatasi yote, akaanza upya, na mgeni akawa anamkatia tepu. Alipomaliza akainuka kwa kushika meza.

"Nani anakagua?" akauliza. "Espérance, leta tochi. Na mutu asipite."

Alimulika kila mshono, na hesabu haikuruka. Mchana huo tukaanza kurekodi. Baada ya wiki za kungoja, kivuli cha mlima Rubavu kilitokea kwenye kompyuta, kina mabega yake yale yale unayoyaona kutoka sokoni. Masanduku yaliondoka matupu kama yalivyokuja. Nililia, sikatai.

Mzee hakunisalimia kwa muda mrefu. Siku aliponiita nyumbani kwake nilijua nakwenda kukemewa. Alinimiminia chai, kisha akasema, "Haki ilikuwa yako, na ulinichoma. Yote mbili iko kweli. Lakini sikia. Wewe nilikukasirikia, ikaisha. Wale walipita na tochi yao wakasema iko bien, wale ndio waliniumiza. Waliniona nimekwisha kazi, nimebaki wa kusalimiwa."

Ameshafariki, Mungu amlaze pema. Ningerudishwa leo chumbani mle, ningesema vile vile, na kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa nije kwako. Juzi uliniletea mapande mawili niyafunge, ukasema ni kwa heshima. Nimeyafunga, kwa macho haya yanayohitaji miwani mbili. Jana nikauliza nani ameyakagua. Mmoja akaniambia, "Aa, yale ni ya Mama," akacheka kwa adabu. Adabu gani hiyo? Mimi sijafa.

Nasaha yangu ni hii, na usiifunike kwa maneno matamu. Kazi ya mzee ikaguliwe kama ya kijana, na mapema, kabla wageni hawajafika, ili asilazimike kuaibika. Usiulize watu kama wamemaliza. Uliza nani alishika tochi. Ukiona kosa, sema, hata ulimi ukiwa mzito. Mficha uchi hazai. Na mtu wa nje akikuletea sanduku tupu la kubebea kazi yako, usimwonyeshe machozi, mpe tepu afanye kazi.

Kesho asubuhi nakuja Mbugangari. Utayamulika mapande yangu mbele ya wote, nami nitasimama pale pale. Ukikuta tobo utalisema, nitanuna, na utanivumilia. Mungu akupe jicho kali na moyo usiotishika, akulinde wewe na wenzako wa pande zote za mpaka, na mlima mkubwa uwafungulie tumbo lake nanyi mkiwa mmesimama hapa nyumbani. Amina.