Shangazi Mkubwa, Shangazi Mdogo

Siku kaka yangu alipomleta mchumba wake nyumbani Utemini, roho zetu zilikuwa juu. Binti mwenyewe ni wa Guangzhou, huko kaka anakokwenda kununua bidhaa, na ndoa ilikuwa mikononi mwa shangazi, dada yake baba, aliyepanda basi kutoka Ulemo kuja kumkagua. Kwetu shangazi akikataa mke, baba hukohoa tu na habari imeisha. Na huyu alishatangaza kwenye simu kwamba wageni hawana adabu.

Chakula kikatengwa: ugali wa uwele, mlenda, na jogoo niliyemkimbiza mwenyewe asubuhi hadi kandambili zikakatika. Tukanawa, baba akasali. Ndipo mchumba akaweka mikono magotini na kuanza kuwakaribisha wakubwa mmoja mmoja, Kikantoni kwanza, Kiswahili baadaye. Kwao mdogo hagusi chakula kabla ya kumwita kila mkubwa kwa cheo chake. Baba, karibu ule. Mama, karibu ule. Alipofika kwa shangazi akakwama.

"Samahani, shangazi ni mkubwa kwa baba, au mdogo? Kwetu dada mkubwa wa baba ni gu-ma. Mdogo ni gu-je."

Jamani! Swali hilo nyumbani kwetu haliulizwi. Shangazi anapaka nywele piko, na miaka yote amewaambia watu kwamba baba ndiye aliyemtangulia. Baba naye anapenda ukubwa, hajawahi kukanusha. Bibi, ambaye angetuamulia, tulishamzika.

"Mwite shangazi tu, inatosha," kaka akanong'ona, jasho likimtoka.

"Haitoshi. Nitakuwa nimemdharau."

Ugali ukaanza kukauka juu. Nilikuwa na njaa kiasi kwamba niliwaona baba na shangazi wote wawili wazee tu, tena sana. Baba akakohoa. Nikajua ndoa imekwenda na maji.

"Acha kukohoa," shangazi akamwambia. "Mtoto wa watu anaogopa kunivunjia heshima, ninyi mnaogopa ugali kupoa." Akamgeukia binti. "Niite hilo la mkubwa."

"Gu-ma, karibu ule."

"Asante, mama. Na wewe," akamkazia baba macho, "tangu uzaliwe hujaniamkia."

Baba, mzee mzima mwenye wajukuu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Shangazi akanyoosha mkono hadi kwenye sahani ya baba, akachukua firigisi, kipande cha mwenye nyumba, akaiweka mbele ya binti. "Kula, mkwe wangu."