Ngamia Aliyeitwa Dahir

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe, hakuna wa kulaumiwa, ila naomba msicheke kabla sijamaliza.

Natengeneza mfumo wa kusajili mifugo hapa Garissa, katika ofisi ya abti Dahir (kaka wa mama, ndiye aliyeniajiri wakati wengine wakiuliza msichana wa kompyuta anajua nini kuhusu ngamia). Sasa maofisa wa mifugo kutoka Griftu walitaka kuunganisha programu yao na yetu, wakaomba mwongozo wa API, yaani maelezo ya jinsi programu moja inavyoiomba nyingine taarifa. Kuuandika kwa mkono ni kazi ya wiki nzima, na mimi kwa kuandika ni mvivu, kwa hivyo nikaweka kifaa kinachochukua majaribio ya programu na kuyageuza kuwa mwongozo, pamoja na mifano yake. Majaribio yote yalifaulu, mwongozo ukatoka mrefu na safi, nikasoma ukurasa wa kwanza tu nikaridhika.

Nilichosahau ni kwamba kila jaribio linahitaji mnyama wa mfano, na wale wanyama niliwaandika siku ambayo abti alininyima ruhusa ya kwenda Elwak kwenye harusi ya rafiki yangu.

Basi mkutanoni, mwongozo ukiwa umemulikwa ukutani mbele ya wageni na wazee wawili wa soko, nikateremsha ukurasa, na mzee mmoja mwenye miwani akaanza kusoma polepole kwa sauti: "Aina, ngamia. Jina, Dahir. Tabia, mkaidi, anakoroma, hasikii." Akasogea karibu. "Na hii nyekundu? 'Ombi limekataliwa. Dahir hauziki, amezeeka.'"

Nikatafuta kitufe cha kufunga, nikabonyeza cha kukuza, Dahir akajaa ukuta mzima.

"Hodan," abti akasema, wala hakupaza sauti, "hapo kwa kusikia umekosea. Nimesikia yote."

Wageni walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi nililia kweli, chooni, kisha nikarudi nikamwomba radhi mbele yao wote, akanipungia mkono niendelee. Griftu walikubali kuungana nasi, alhamdulillahi, lakini wazee wa soko hadi leo wanamuuliza abti kama amepata mnunuzi, naye ananitazama mimi.

Wallahi, siku hizi wanyama wangu wote wa majaribio wanaitwa Mfano, na mwongozo nausoma hadi nukta ya mwisho kabla jicho lingine halijauona.