Jiwe la Bibi Mahala

Wilfred Garrod alipoteremka kwenye gari la farasi la mwoka mikate, viatu vinang'aa, koti zito la Kanada begani, Keturah Pask alijua papo hapo kwamba huyu ni damu yao. Masikio yalikuwa ya kaka yake Enos, yaleyale yaliyokaa kama mikono ya chungu. Akafurahi, akakimbilia kuinjika chai. Lakini furaha yenyewe haikumaliza hata kikombe kimoja cha chai.

Maana kijana hakuja kusalimia tu. Enos alikuwa amefariki huko ng'ambo mwaka uliopita, na kabla ya kukata roho alimwachia mwanawe kazi mbili. Kwanza aende Suffolk, Uingereza, akautafute ukoo wao, vibarua wa mashamba tangu baba hata babu, ajue nani alimzaa nani. Pili aweke jiwe juu ya kaburi la bibi yake, Mahala, mama wa Enos na Keturah. Jiwe hasa, la kuchongwa. Katika Garrod wote hajatokea hata mmoja aliyewekewa jiwe. Maskini wa kijiji chao, Cransmere, akizikwa huchomekewa kibao cha mti, mvua inakipiga, kinaoza, na baada ya hapo wanaojua ni wale waliozika.

"Nionyeshe tu alipolala, shangazi," alisema Wilfred. "Mchonga mawe nimeshaongea naye."

Keturah akajibu kwamba sawa, lakini kesho, leo miguu inamsumbua. Miguu haikuwa na kosa lolote, masikini.

Mahala hakuzikwa Cransmere, na kijiji kizima kililijua hilo. Mwaka ule wa kifo chake, mume wa Keturah alianguka kutoka juu ya lundo la ngano akavunjika nyonga, na ndani hamkuwa na kitu. Keturah akaenda kuomba mkate wa parokia, ule wanaogawiwa maskini. Wakubwa wa parokia wakamwambia mkate atapata, lakini yule bikizee hawamlishi akiwa kwa binti yake. Kama ana njaa aende Nyumba. Watu waliiita hivyo tu, Nyumba, ile ya maskini kule mjini, ambako mtu mzima huvuliwa nguo zake akavikwa sare, na mume na mke waliozeeka pamoja hulazwa mbalimbali. Mahala alipanda mkokoteni mwenyewe. Hakulia, alimwambia tu binti yake asisahau kuwafungia kuku. Baridi haijaisha akawa amekufa, na wenye Nyumba wakamfukia nyuma ya ukuta wao, shimo moja na wengine, hata habari haijafika kijijini.

Sasa jambo kama hilo utamwandikiaje kaka aliye mbali, aliyempenda mama yake kuliko roho yake? Keturah, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alimwomba mke wa mwalimu aandike kwamba mama amefia kitandani, mkono wake mkononi mwa binti yake, na amezikwa vizuri kanisani kwao. Mtasema ni uongo wa huruma. Huruma kwa nani? Nusu kwa Enos, nusu kwa Keturah mwenyewe, aliyeona aibu hata akawa anapita nyuma ya nyumba za watu.

Asubuhi wakaenda makaburini. Obed Snell, mchimba makaburi, alikuwa akifyeka nyasi. Wilfred akaeleza kwamba kitabu cha kanisa amekipekua na kifo cha bibi hakukiona. Keturah akadakia kwamba mchungaji wa zamani alikuwa mtu wa chupa, nusu ya wafu hakuwaandika. Obed akakohoa, akaendelea kufyeka.

Basi Keturah akatangulia kwenye nyasi. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Hapa wa kina Snell, pale mapacha wa Dinah. Juu ya kaburi la baba yake walishajenga chumba kipya cha kanisa. Mumewe alilala kwa wa kina Pask, na mawifi wangali hai na macho yao. Pake mwenyewe palikuwa mahali pamoja tu, chini ya ukuta wa kaskazini, alipolala Jabez, mwanawe wa pekee, aliyeuawa na kifaduro kabla hajajua kulitamka jina lake. Kila Jumapili Keturah hupita pale akasimama.

Akasimama.

"Ni hapa," alisema.

Obed aliacha kufyeka. Shimo lile alilichimba yeye, akiwa kijana, na alikumbuka lilivyokuwa dogo. Wakatazamana. Kisha mzee akainama akaanza kunoa mundu uliokuwa mkali tayari.

Siku ya kusimamisha jiwe kijiji chote kilikuja, wanaume kofia mkononi. Wote walijua Mahala yuko wapi. Wengi wao wana mama au baba nyuma ya ukuta uleule. Hakuna aliyefumbua mdomo. Obed alichimba msingi taratibu, juujuu, na mchonga mawe alipomhimiza aende chini zaidi, alisema udongo wa pale haupendi kusumbuliwa. Jiwe likakaa. Wilfred akamsomea shangazi yake maneno, Mahala Garrod, mama mpendwa, amelala hapa, na machozi yakamtoka akiwa ameushika mkono wake. Keturah naye alilia, ila si kwa ajili ya jina lile.

"Shangazi," kijana akasema akijifuta uso, "baba aliniambia ulikuwa na mtoto. Jabez. Yeye amelala wapi? Na yeye nimwekee, hata kijiwe kidogo."

Watu wakatazama viatu vyao. Keturah alitaka kusema, Mungu anajua alivyotaka. Lakini akisema tu, mama yake anarudi nyuma ya ukuta wa Nyumba mbele ya kijana huyu, na yale yote Enos aliyokufa akiyaamini yanakwisha.

"Sijui, mwanangu. Ni zamani sana. Nimesahau."

"Umesahau mtoto wako alipozikwa?"

"Nimesahau."

 Wilfred akasema hapana neno, uzee ndivyo ulivyo, akatabasamu kwa adabu. Lakini mkono wake akauachia.