Namba ya Dereva Kibona

Katika miaka yangu yote ya ufundi simu, mwanangu, siku ambayo haijanitoka ni ile tuliyopanda Ileje kufuta namba ya marehemu.

Nilikuwa msichana bado, ndiyo kwanza nimepokelewa kazini na Mzee Silwimba, aliyekuwa na karakana hapa Tunduma, jirani na foleni ya malori ya mpakani. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kufika milimani. Hospitali moja ya misheni kule ilikuwa na mtambo mdogo wa kuunganisha simu. Muuguzi wa zahanati akibonyeza namba fupi ya dharura, mtambo uliipeleka simu yake moja kwa moja kwa dereva wa gari la wagonjwa, Kibona. Kibona akaugua, akafariki, akaajiriwa dereva mwingine. Namba kwenye mtambo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

Simu ya Kibona ikabaki kwa mjane wake, Mama Atupele. Dharura ikiingia, alipokea yeye, kisha akakimbia kumwita dereva mpya. Wauguzi wakamzoea, na dereva alidhani ofisi ndiyo iliyompa mama kazi hiyo. Mambo yakaenda hivyo hadi siku Mama Atupele alipokuwa shambani, bondeni kusikoshika mtandao. Zahanati moja ikapiga, ikapiga tena. Mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu akafia pale pale, yeye na mtoto wake.

Ndipo tukaitwa. Mimi nilikaa mbele ya mtambo nikitaka kufuta ile namba haraka, niweke mpya, turudi kabla mvua haijaharibu barabara. Mzee Silwimba akanishika mkono.

"Binti, huyu mama alibeba kazi isiyo yake, na sasa amebeba kifo kisicho chake. Ukiifuta kimyakimya, simu yake ikiacha kulia ataona amehukumiwa. Inuka, twende kwake."

Tulimkuta uani anapukuchua maharage, simu ikiwa mapajani. Hakutusalimu sana. Mzee alimweleza taratibu kwamba kosa halikuwa lake. Namba ile ilipaswa kubadilishwa wiki ile ile ya msiba. Mama akamsikiliza, akatazama chini.

"Nilijua siku moja mtakuja," akasema. "Ila ikilia hii, nilikuwa naona bado anaitwa. Mtu anayeitwa hajaondoka kabisa."

Mzee akamwomba aje aone namba inavyobadilishwa.

Alikubali twende naye hospitalini. Nikaweka namba ya dereva mpya, na Mzee akanielekeza niongeze nyingine: dereva asipopokea, ilie mapokezi, mapokezi wasipopokea, ilie kwa daktari. Tulipomaliza, Mzee akafungua simu ya pamoja, ambayo kwayo mtambo uliweza kuwaunganisha wauguzi wa zahanati zote wasikilizane kwa wakati mmoja. Aliwaambia namba ya dharura sasa inamwita nani, kisha akasema Mama Atupele yuko hapa anawasikia.

Kisha akazungumza muuguzi wa ile zahanati iliyopoteza mama na mtoto.

"Mama Atu, mimi ndiye niliyepiga siku ile. Sikulaumu. Pole sana na Kibona. Hatukuwahi kukupa pole."

Mama akaficha uso kwenye kanga, akalia kilio ambacho nadhani hakukilia hata matangani. Kwa yule mama na mtoto wake hatukuwa tumerudisha chochote. Tukashuka Tunduma.

Nawe sasa umeshika kazi hii, kwa hiyo nisikilize. Unapokabidhiwa mtambo ambao uhai wa watu unautegemea, usiamini kilichoandikwa kwenye kioo chake. Piga mwenyewe, usikie nani anapokea. Usiiache simu ya dharura imtegemee mtu mmoja, maana mtu huenda shambani, huugua, hufa. Na anapoondoka mfanyakazi, angalia mzigo wake umemwangukia nani nyumbani, uende ukamtue uso kwa uso, umpe na pole yake.

Mungu akulinde barabarani na kazini, mwanangu. Akupe moyo usiopita haraka mbele ya mfiwa, na siku utakapokuwa wewe ndiye unayeomba msaada, asikukoseshe wa kuitika.