Barua Iliyosafishwa

Mama Taa, mpiga video wa harusi, alijulikana kwa hasira za karibu, lakini siku hiyo hata mimi ningemshikia fimbo.

Mwaka mzima yeye na rafiki yake aliyeitwa kwa utani Profesa, aliyesoma naye utengenezaji wa filamu, walikuwa wakitumiana barua za video. Dakika tano tano, kila mmoja akiyapekua maisha yake na kumwonyesha mwenziwe. Sharti lilikuwa moja tu: barua ya mwenzio huigusi.

Barua ya mwisho ya Mama Taa ilimwonyesha mama yake ameketi dirishani akikunja nguo, kifua cha pumu kikimbana, kila pumzi ikiishia na mlio mwembamba kama wa filimbi. Aliituma, kisha akaifuta kwenye kadi ya kamera apate nafasi ya kurekodi harusi ya watu. Wiki tatu baadaye mama akafariki.

Baada ya mazishi akamwomba Profesa amrudishie. Ilipofika, akavaa hedifoni. Mama yule pale, nguo zile zile, kifua kinapanda na kushuka. Kimya. Akaongeza sauti. Kimya kitupu. Akapiga simu.

"Sauti iko wapi?"

"Nimekusafishia, dada! Naziunganisha barua zetu ziwe filamu moja. Yako ilikuwa na kelele mbaya, kitu kama filimbi hivi."

"Kelele? Ile kelele ni mama yangu, mpumbavu we!"

"Sikujua... Na ile uliyonitumia nimeshaifuta."

Mama Taa akakata simu. Akawasha kamera, akaigeuzia usoni mwake, akamporomoshea Profesa matusi ya nguoni mpaka pumzi zikamwishia. Ndipo likamtoka alilokuwa hajamwambia mtu tangu mazishi: "Na mimi je? Nimemfuta mama yangu nipate kurekodi watu wakikata keki!" Akalia kwa hasira, akijipiga kifua.

Alipoirudia barua hiyo mpya kuisikiliza, akaganda. Mwishoni, matusi na kilio vilipokwisha, kila alipovuta pumzi ulisikika kifuani mwake mlio ule ule mwembamba wa mama. Akarudisha nyuma mara saba, ameikamata hedifoni kwa mikono miwili. Hasira haikumtoka, na wala hakutaka imtoke.

Akamtumia Profesa barua hiyo nzima nzima, bila kukata hata tusi moja, na chini yake akaandika: "Safisha na hii, uone."